Kazi ya Mikono: Taa za Nyuma ni za Jirani



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho kinaenea katika kiganja cha mkono. Ni prizi ya remorki. Wengine watasema: « Pasta ameacha Neno, ameingia garaji. » Ngojeni kidogo. Someni mpaka mwisho, kisha mtaniambia kama nimeacha Neno.

Wale wasioijua prizi hiyo, waende waangalie nyuma ya gari lolote linalovuta remorki (wengine wanaita trela). Karibu na chuma cha kuvutia mtaona kikombe cha duara chenye kifuniko. Hiyo ndiyo prizi. Remorki nayo ina kamba yake ya umeme, na mwishoni mwa kamba kuna fishi. Fishi inaingia ndani ya prizi, na kwa njia hiyo umeme wa gari unafika mpaka kwenye taa za nyuma za remorki. Shofere akikanyaga freni, taa nyekundu zinawaka kule nyuma. Akitaka kugeuka, klinyota inawaka kule nyuma. Prizi ikifa, gari linaendelea kutembea vizuri, injini haisikii kitu, na shofere haoni kitu. Anayeona, ao tuseme asiyeona, ni yule anayekuja nyuma.

Mimi nilijifunza jambo hili kwa haya. Nitawaeleza bila kuficha.

Jioni moja karibu na Mushaki

Ilikuwa mwaka 2019, mwezi wa kumi. Tulikuwa tunatoka Masisi-Centre kuelekea Goma. Nyuma ya gari tulivuta remorki yenye mifuko ya viazi ya wamama wa kanisa waliotaka kuiuza sokoni. Mbele ya kuondoka, kijana mmoja wa kwaya alizunguka gari, akarudi kwangu.

« Pasta, taa za remorki haziwake hata moja. »

« Tutafika Sake mbele ya giza, » nikamjibu.

Jambo hilo nililijua tangu mwezi wa sita. Prizi ilikuwa imepasuka kifuniko, na nyaya mbili zilikuwa zimetoka. Nilikuwa nimezifunga na kipande cha mfuko wa plastiki. Kila wiki nilisema nitatengeneza wiki ijayo. Gari lilikuwa linatembea, basi moyo wangu ulitulia.

Siku ile barabara ilikuwa mbaya sababu ya mvua. Kamyo moja ilikwama kwenye matope mbele yetu, tukakaa karibu saa tatu. Tulipopita Mushaki ilikuwa saa kumi na mbili na nusu ya jioni, na ukungu ulikuwa umeshuka juu ya vilima namna mnavyoujua. Wachungaji wa ngombe walikuwa wakirudisha wanyama, wakavuka barabara mbele yangu. Nikafunga freni. Gari likasimama vizuri. Kisha nikasikia nyuma kitu kama mtu aliyegonga mlango mara moja.

Alikuwa kijana wa pikipiki. Alibeba mfuko wa makala. Alikuwa nyuma yetu akishuka polepole, na taa ya pikipiki yake ilikuwa hafifu. Aliingia moja kwa moja katika chuma cha remorki. Tulimkuta chini ya mfuko wake, mguu wa kuume umevunjika chini ya goti.

Nilimwuliza: « Ndugu yangu, hukutuona? »

Akasema: « Niliona tu giza, Papa. Kisha nikaona chuma. »

Tulimwingiza ndani ya gari tukamkimbiza hospitali. Mashemasi wawili walibaki na remorki kando ya barabara. Walikata matawi ya miti wakayaweka barabarani, mmoja akasimama na tochi usiku ule wote, ili mwingine asije akaigonga tena.

Asubuhi mama yake alifika. Aliketi karibu na kitanda, akaniangalia.

« Pasta, mutoto wangu anasema hakuona kitu. »

« Ni kweli, mama. »

« Taa zilizimika njiani, ao mulijua? »

Ndugu zangu, nilikuwa na majibu mengi mdomoni. Ningeweza kusema taa ya pikipiki ilikuwa hafifu, na ilikuwa kweli. Ningeweza kusema ukungu ulikuwa mwingi, na hiyo pia ilikuwa kweli. Ningeweza kusema barabara ni ya kila mtu. Lakini hakuniuliza hayo.

« Nilijua, mama. Tangu mwezi wa sita. »

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: « Yeye njo analishaka wadogo zake. » Na baadaye: « Asante kwa kusema. Sasa muende mutengeneze ile kitu. »

Katika kamati ya kanisa mzee mmoja alisema kosa lilikuwa la pikipiki, kwa hiyo tusilipe. Nilikataa. Tulilipa matibabu, sehemu kanisa na sehemu mimi mwenyewe, na kwa miezi iliyofuata tulisaidia ile nyumba kupata chakula. Pikipiki haikuwa ya kijana. Ilikuwa ya mtu mwingine aliyengojea malipo yake kila siku, na huyo pia tulikwenda kuzungumza naye. Leo yule kijana anatembea, lakini wakati wa baridi mguu unamuuma. Kazi ya pikipiki aliiacha. Anatengeneza simu.

Kwa fundi mzee

Wiki ile ile nilipeleka gari kwa fundi mmoja mzee mjini Goma. Nilidhani nitaliacha hapo nirudi jioni. Aliangalia prizi, akaenda kuniletea turnavisi.

« Sitakutengenezea, Pasta. Utatengeneza weye mwenyewe. Mimi nitasimama hapa. »

Prizi mpya tuliinunua kwenye duka la mapiesi. Bei yake haikupita bei ya kuku mmoja. Hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Kazi yenyewe ilichukua muda wa asubuhi moja kwa mtu asiyezoea kama mimi. Fundi anaimaliza kwa muda mfupi kuliko huo.

Tulipofungua prizi ya zamani tuliona udongo uliokauka, na ungaunga wa kijani juu ya shaba. Kijani hicho ni kutu ya shaba. Shaba safi ina rangi inayong'aa na inapitisha umeme vizuri. Ikilowana maji na kukaa bila kukauka, inageuka kijani, na umeme unapita kwa shida ao haupiti kabisa. Ninyi mnaokaa Walikale, katika pori lenye mvua na joto, mjue kwamba kwenu shaba inageuka kijani mbio kuliko kwetu juu ya vilima.

Sasa nitawaeleza kazi hii hatua kwa hatua, ili kijana mwenye akili aweze kuifanya.

Matundu saba

Prizi nyingi za magari madogo kwetu ni za matundu saba, namna ya Ulaya, za volti 12. Kila tundu lina namba ndogo iliyoandikwa nyuma karibu na skuru yake. Kazi zake ni hizi, pamoja na rangi ya waya inayozoeleka:

1. Klinyota ya kushoto: njano.
2. Taa ya ukungu ya nyuma: buluu. Remorki nyingi za kwetu hazina taa hii, tundu linabaki bure.
3. Masi, ni kusema waya wa kurudisha umeme: nyeupe.
4. Klinyota ya kuume: kijani.
5. Taa ya usiku ya upande wa kuume: kahawia.
6. Taa za freni: nyekundu.
7. Taa ya usiku ya upande wa kushoto: nyeusi.

Fuateni namba, msiamini rangi peke yake. Magari yetu yametoka Japani, Ulaya, Uarabuni, na mengi yamepitia mikono ya mafundi wengi. Mtu aliyekosa waya mwekundu aliweka wa buluu. Tena, ukiitazama prizi kutoka mbele na ukiitazama kutoka nyuma, kushoto na kuume vinageuka. Namba haigeuki.

Angalisho jingine: kamyo kubwa zina umeme wa volti 24, na prizi yao imepangwa kwa namna nyingine hata kama inafanana kwa macho. Fishi ikikataa kuingia, usiigonge na nyundo. Ampule ya volti 12 ikipata volti 24 inaungua.

Kwanza kutafuta ugonjwa

Mbele ya kununua kitu, ujue ni nini kimekufa. Kamata ampule moja ya gari ya volti 12, uifunge nyaya mbili. Hiyo ndiyo taa yako ya kupimia. Waya mmoja uguse tundu namba 3, mwingine uguse matundu mengine moja moja, huku mwenzako ndani ya gari anawasha taa, anawasha klinyota, anakanyaga freni.

Ampule ikiwaka kwa kila tundu, prizi ya gari ni nzima. Ugonjwa uko upande wa remorki: katika fishi, katika kamba, ao katika taa zenyewe.

Ikikataa kuwaka, usitupe prizi bado. Ondoa ule waya uliogusa namba 3, uguse chuma safi cha gari kisicho na rangi wala kutu, ao kichwa cha kutoa cha batri. Jaribu tena. Ikiwaka sasa, ujue kwamba umeme unafika vizuri, lakini masi ndiyo imekatika. Na kama bado haiwaki hata hivyo, angalia fuzible na waya unaotoka ndani ya gari.

Ugonjwa wa masi unadanganya watu wengi. Taa zote za remorki zinapokea umeme kila moja kwa njia yake, lakini zote zinarudisha kwa waya mmoja, namba 3. Waya huo ukiwa mgonjwa, umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi, unapita ndani ya ampule nyingine. Ndipo mnaona vituko: shofere anakanyaga freni, klinyota zinawaka kidogo, anawasha klinyota, taa za usiku zinapepesa. Mtu anabadilisha ampule zote, anapoteza pesa, na kumbe waya mmoja mweupe ndio umeoza.

Kisha kubadilisha

Ukiisha kujua kwamba prizi yenyewe ndiyo imechakaa, fanya hivi.

Zima gari, ondoa kichwa cha kutoa cha batri. Waya ukigusa chuma wakati umeme upo, fuzible itaungua, ao waya wenyewe utapata moto.

Mbele ya kulegeza skuru hata moja, kamata karatasi na kalamu. Andika: tundu namba 1, waya rangi fulani, namba 2, rangi fulani, mpaka 7. Mimi nilitaka kutumia kichwa changu. Fundi alicheka, akanipa karatasi.

Prizi mpya ina mpira wa nyuma wa kuzuia maji. Pitisha nyaya ndani ya mpira huo kwanza, mbele ya kufunga waya wowote. Mimi niliusahau. Nilifunga nyaya zote vizuri, nikajisifu, kisha nikaona mpira umebaki mezani. Nilianza tena upya.

Kata ncha za zamani mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Ukikata kidogo na bado ni kijani, kata tena. Ndiyo maana ni vizuri waya uwe na urefu wa akiba. Ondoa plastiki kidogo tu, kama upana wa kucha ya kidole kidogo. Pinda nyuzi za shaba pamoja ziwe kitu kimoja, ziingize, kaza skuru. Kisha vuta kila waya kwa mkono. Ukitoka, afadhali utoke hapo mbele yako kuliko njiani usiku. Usiache unyuzi hata mmoja umetokeza nje, sababu utagusa jirani yake, na taa ya freni itawasha klinyota.

Waya wa masi uufanyie kazi ya pekee. Pale unapofungwa kwenye shasi, kwaruza rangi na kutu mpaka chuma kiwe cheupe, kaza na bulone, kisha paka grisi juu yake.

Funga prizi mahali pake, kifuniko kikiwa kinafunguka kwenda juu ili kijifunge chenyewe kwa uzito wake. Paka vazelini kidogo kwenye midomo ya chuma ya ndani. Inazuia maji.

Kamba ya remorki iwe na urefu wa kutosha wakati wa kupiga kona, lakini isiburuzike chini. Iliyoburuzika kwenye mawe ya Masisi haimalizi mwezi. Na mnyororo wa usalama usisahauliwe. Remorki ikichomoka kwenye chuma cha kuvutia, mnyororo ndio utakaoishika.

Fuzible ikiungua, weka nyingine ya nguvu ileile. Nimeona vijana wanaweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ao kipande cha waya. Hiyo inaondoa mlinzi mlangoni na kumwacha mwizi aingie. Gari linaweza kuwaka moto.

Mwisho, rudisha batri, unganisha remorki, wasilisha mtoto wako asimame nyuma, mbali kidogo na barabara, aseme kwa sauti: kushoto, kuume, freni, taa. Nyumbani kwangu sasa kazi hiyo ni ya kitinda mimba, na hakubali tuondoke kama hajapaza sauti mara nne.

Mawe yetu yanarudi kwetu

Vijana wa machimbo, mjue jambo hili pia. Shikeni ampule ya gari mkononi mwangalie chini yake. Kile kidonge cha kijivu kilichoshika waya ni madini ya kulehemu, na ndani yake muna bati. Bati linatoka katika kasiteriti, ile ile iliyochimbwa Bisie katika Walikale. Watu waliibeba mgongoni kwa njia ya pori mpaka Ndjingala, na katika miaka ya 2000 ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara kule Kilambo kuichukua. Sehemu kubwa ya bati la dunia inatumika kwa kulehemu vitu vya umeme. Koltani ya Rubaya nayo inatoa tantali, inayoingia katika simu na katika vyombo vya umeme vya magari mapya.

Basi mawe yanaondoka kwetu kwa jasho, na wengine waliacha uhai wao mashimoni. Yanazunguka dunia, yanarudi yakiwa kitu kidogo katika duka la mapiesi. Si vizuri sisi tuwe watu wasiojua kukifunga. Kijana ajifunze. Msichana vilevile, sababu skuru haiulizi ni nani anayeikaza.

Neno linasema nini?

Fungueni Kumbukumbu la Torati 22:8. Musa anawaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya, aweke ukuta mdogo kuzunguka dari yake, ili mtu asianguke kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Wakati ule watu walikuwa wakikaa juu ya dari, walikuwa wakizungumza na kulala huko. Mwenye nyumba anaijua dari yake hata usiku. Yeye hawezi kuanguka kwa urahisi. Ule ukuta ni kwa ajili ya mgeni.

Fungueni tena Kutoka 21:33-34. Mtu akichimba shimo asilifunike, na ngombe wa jirani akaanguka ndani, yule mwenye shimo atalipa. Ninyi wa machimbo mnalisikia neno hilo vizuri kuliko watu wa mji. Sheria haimuulizi kama alitaka ngombe afe. Inamuuliza kama alifunika shimo.

Taa za nyuma ni namna hiyo. Taa za mbele ninaziwasha kwa ajili yangu, ili nione njia yangu. Zikifa, natengeneza siku ile ile. Taa za nyuma haziniangazii mimi kitu. Ni za mtu nisiyemjua, anayekuja nyuma yangu katika ukungu na mfuko wa makala. Ndiyo maana nilikaa miezi minne bila kuzitengeneza. Nilikuwa nahubiri upendo wa jirani kila Siku ya Bwana, na prizi yangu ilikuwa imefungwa na mfuko wa plastiki.

Sikusema uongo, sikuiba, sikumpiga mtu. Niliahirisha tu. Lakini mguu wa mtoto wa mtu ulivunjika katika kuahirisha kwangu.

Kwa wenye vyombo vyote

Ninyi mnaovuta kompresa ya magurudumu kwenda machimboni, ao jenereta, ao pipa la maji: hivyo navyo ni remorki. Mzigo mrefu ukifunika taa, ni kama taa hazipo.

Serikali za dunia ziliwaza jambo hili zamani. Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani, ambayo inchi yetu iliyakubali mwaka 1977, yanataka remorki iwe na taa nyekundu nyuma, tena iwe na pembetatu mbili nyekundu za kurudisha mwanga, ncha moja ikiangalia juu. Pembetatu hizo hazihitaji batri wala waya. Taa ya anayekuja ikizipiga, zinang'aa. Hata prizi ikifa katikati ya njia kati ya Hombo na Walikale, pembetatu zinaendelea kusema: « Niko hapa. »

Na ninyi wenye chukudu, ninawapenda, mnashuka kutoka vilimani na mizigo mikubwa kuliko ninyi wenyewe. Hamna prizi, hamna batri. Lakini kipande cha plastiki chekundu cha kurudisha mwanga, kilichopigwa misumari nyuma, kinatosha kumwonya shofere. Wenye pikipiki, safisheni taa ya mbele na ya nyuma kila asubuhi, sababu matope yanazima taa nzima sawasawa na kutu.

Kama chombo chako hakina taa leo, na huna namna ya kutengeneza leo, usitembee usiku. Lala ulipo. Viazi vitauzwa kesho. Mimi ningelala Mushaki siku ile, wamama wa viazi wangelalamika kidogo, na yule kijana angefika kwao.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani

1. Katika nyumba yetu, ni kitu gani tunajua kimeharibika, lakini tunakiacha sababu hakituumizi sisi? Tazameni kisima, ngazi, waya wa umeme, shimo la choo.
2. Ni nani anaweza kuumia kwa ajili yake?
3. Baba ao mama akikosa, je, anaweza kusema mbele ya watoto: « Nilijua »?
4. Kijana, ni kazi gani ya mikono unaweza kujifunza mwezi huu kwa fundi wa kanisa lenu?

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kutunza batri ili isife mbele ya wakati wake. Wenye maswali waandike wakabidhi kwa katekista ao kwa pasta wa parokia, na tutajibu hapa.

Tuombe: Bwana, utusamehe kwa yale tuliyoyajua tukayaacha. Uwalinde wote wanaotembea usiku katika barabara za Masisi na Walikale, wa magari, wa pikipiki, wa chukudu na wa miguu. Utupe amani katika inchi yetu, na utupe mikono inayofanya kazi leo, bila kungoja kesho. Amina.

Ndugu yenu katika Kristo.